Mkilua wa Bi Mahfudha

Uani kwa Bi Mahfudha, walisema majirani, mna tasa wawili: yeye na mkilua wake. Alijitia hajali. Kila alasiri aliuchuma mti ule vilua vyote, maua yake ya kunukia, vingali vichanga, akavitunga vikuba, vishada vya kifuani vya mabibi harusi wa Mji wa Kale. Tunda hakuwahi kuliona hata moja.

Sasa nyumba ilikuwa imeuzwa, na mwaka ukiisha mkilua ungekatwa. Vipandikizi alivyojaribu kupanda vilioza vyote. Alitaka mbegu tu, auone mti wake umeacha kizazi.

Lamis, mtoto wa marehemu dadake, aliyemlea tangu uchanga, alimkuta na kikapu chini ya mti. Alikuwa mwalimu wa bayolojia huko Ganjoni, na harusi yake ilikuwa imekaribia.

"Mama, mti huu si tasa. Wewe wachuma maua kabla wadudu hawajafika."

"Wadudu wataka nini kwenye vilua vyangu?"

"Hao ndio washenga wao. Zamani, kabla hakujakuwa na maua, mimea mingi ilitegemea upepo urushe chavua, nyingi ikapotea njiani. Ua likaja na hila yake: likamwita mdudu kwa harufu, naye akatoka na chavua mpaka kwa ua jengine. Mbegu ikavikwa tunda, ndege akaibeba. Mti hauondoki ulipo, lakini wanawe wafika mbali. Ndiyo maana maua yameijaa dunia."

Bi Mahfudha aliketi chini. Miaka yote hiyo akiuita mti tasa, kumbe ni yeye aliyekuwa akiwatunga wanawe kwenye uzi.

"Basi tasa ni mmoja tu," alisema.

"Na mimi je? N'melelewa na nani?"

Bi Mahfudha alikitazama kikapu kitupu. "Na kikuba chako?"

"Asumini na rehani zatosha."

Siku ya harusi wanawake walinusa, wakakonyezana. "Bi Mahfudha, bintiyo hana hata kilua kimoja! Mti umekufa?"

"Una wageni," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mafundi walipokuja na mashoka, mbegu zilikuwa zimekwisha kuota kwenye makopo. Bi Mahfudha alibeba kopo moja mpaka Ganjoni, akamkabidhi Lamis mlangoni kwake.

"Shika vizuri," alimwambia, machozi yakimtoka na kicheko kimemjaa. "Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza."