Goti la Huwaida Mtandaoni

Kipungani mtandao haupatikani nyumbani, haupatikani dukani, na hata ukipanda juu ya paa utaambulia kuungua jua tu. Unapatikana kwenye fungu la mchanga mbele ya mikoko, tena maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, fungu huzama, na mtandao huwabakia samaki, ambao kwa jinsi tujuavyo hawana simu.

Ndiyo maana siku ile Bi Mwanamkisi alitoka mapema na mkeka wake, akautandika pale funguni, akakaa. Kando yake alikaa Mwalimu Bochaberi, mgeni wa kutoka bara, mwenye simu na bando. Nyuma yao akasimama Hamdun, kaka yake Bi Mwanamkisi, mwenye mdomo. Walikuja kutazama mpira wa kikapu. Timu ya chuo alikosoma Huwaida, bintiye Bi Mwanamkisi, ilikuwa inacheza nusu fainali huko bara, na wanafunzi wenzake walikuwa wameahidi kuurusha mchezo moja kwa moja mtandaoni.

Nani ashinde, Bi Mwanamkisi hakujali. Alilotaka ni kuona goti.

Mwezi uliopita Huwaida alianguka mazoezini, goti likavimba. Kila alipopigiwa simu alisema, "Alhamdulillah, mama, sijambo." Neno hilo Bi Mwanamkisi alilijua. Marehemu mumewe alilisema wiki nzima akiwa ameshika kifua, na siku ya mwisho alilisema vizuri kuliko siku zote. Halafu juzi simu ikapokewa na Lubna, anayelala chumba kimoja na Huwaida, naye bila kufikiri akaropoka: "Yuaswali, mama. Yuko kwenye kiti."

Kiti! Msichana mbichi aswali kwa kiti kama ajuza! Mkoba wa Bi Mwanamkisi ulifungwa siku ile ile. Huwaida alidai goti limepona na atacheza. Haya, na tuone. Kama halikunjiki, kesho mama mtu angepanda mashua ya kwenda Amu, na kutoka Amu mpaka bara, amrudishe mtoto nyumbani. Alijua Huwaida angelia. Alijua pia kwamba huenda asimsamehe.

Mchezo ulikuwa uanze baada ya adhuhuri. Ukumbini umeme ukapotea. Ulipoanza, alasiri ilikuwa imeshaswaliwa na maji yameanza kulamba ncha ya mkeka.

"Mbona siwaoni makipa?" Hamdun akauliza.

"Huku hakuna kipa, Bwana Hamdun," akasema Bochaberi.

"Hakuna kipa! Ndiyo maana wafungana hivyo kama watu waliokosana."

Mwanafunzi aliyeshika kamera alikuwa mbali, na mkono wake ulitetemeka. Nambari za mgongoni hazikusomeka, nyuso zilikuwa madoa. Lakini katika madoa hayo mlikuwa na mmoja mwenye ushungi.

"Yule!" Hamdun akapaza sauti. "Bara Waislamu wangapi? Ni yeye huyo. Kimbia, mwanangu!"

Aliyevaa ushungi akakimbia, akaruka, akagongwa, akaanguka. Akashika goti.

Na hapo hapo picha ikaganda.

Kile kiduara kikaanza kuzunguka, taratibu, bila haya, kama mtu asiye na mwana. Bi Mwanamkisi alikitazama asipepese. Maji yalimfika vifundoni, hakuyasikia. Hamdun alikwenda kuuvuta mtumbwi wake mikokoni, akampandisha mwalimu asiyejua kuogelea, naye akaketi humo na simu ameiinua juu kama taa.

"Tutoke, dada. Fungu lazama."

"Sitoki."

"Utamwona nyumbani."

"Nyumbani nitamwonea wapi, ukutani?" Akakaza leso kiunoni, mkeka ameubeba kichwani. Moyoni alikuwa ameshaupandisha mkoba mashuani.

Picha ikarudi. Msichana wa ushungi alikuwa akitolewa, mikono mabegani mwa wenzake, mguu mmoja hewani.

"Mwanangu!" Bi Mwanamkisi akalia, mkeka ukaponyoka ukaelea. "Kumbe nilijua! Ndia ya kesho ni moja tu, ya bara!"

"Ngoja, Bi Mwanamkisi," akasema Bochaberi, akiisogeza simu. "Mbona kuna mwingine ameingia?"

Kweli, ushungi mwingine ulikuwa umeingia uwanjani. Mchezo ukaendelea kidogo, filimbi ikalia. "Huyu amechezewa vibaya," akaeleza Bochaberi. "Anapewa mipira miwili ya bure. Anarusha peke yake, wengine wanangoja."

Aliyeingia akasimama mbele ya kikapu. Kabla ya kupokea mpira akausugua mkono wake pajani, mbele, nyuma, mbele, kama anayesokota kamba.

Bi Mwanamkisi akaacha kulia. Tangu Huwaida aweze kukaa mwenyewe alisokota kamba za mikeka hivyo hivyo, na akiwa na wasiwasi alisokota hata pasipo kamba. Alisokota siku ya mtihani, na alisokota siku ya maziko ya babake.

"Ni huyu," akasema polepole. "Huyu ndiye wangu. Nyamazeni."

Msichana akashika mpira. Akakunja magoti yote mawili, akashuka chini kabisa, akapanda kama chemchemi. Mpira ukagonga chuma ukaenda zake.

"Amekosa!" Hamdun akashika kichwa.

"Na akose!" Bi Mwanamkisi akapiga kigelegele kilichowarusha ndege mikokoni. "Amekunja! Nimeona kwa mato yangu, amekunja!"

Wa pili pia akaukosa, na mama mtu akashangilia zaidi, kwa maana mwanawe alishuka tena na akapanda tena. Halafu maji yakalimeza fungu, mtandao ukaenda kwa wenyewe, na Hamdun akaanza kuufukuza mkeka wa dada yake huku akilalamika kwamba kipa angeudaka.

Kesho yake maji yalipokupwa, mkoba ukiwa umeshafunguliwa na nguo zimerudi sandukuni, Bi Mwanamkisi alipiga simu.

"Mama," sauti ya Huwaida ilikuwa ya kilio, "tumefungwa. Na mimi ndiye niliyekosa. Mipira yote miwili."

"Alhamdulillah," akasema Bi Mwanamkisi, na yeye alikuwa na maana yake. "Kile kiti, mwanangu, kirudishe kwa mwenyewe."