Kiraka cha Kifuani

Ramzi alijua kuuza jezi. Alichokuwa hajajifunza ni kuzitupa.

Miaka yote aliyofanya biashara kwenye lango la uwanja wa mpira, mambo yalikwenda namna moja. Msimu mpya ukikaribia, timu ya Iveti Rovers hubadilisha jezi. Mwaka huu mistari, mwaka ujao kola, mwaka mwingine jina la mdhamini. Mashabiki hununua, maana hakuna anayetaka kuonekana jukwaani na ya mwaka jana. Zinazobaki zinageuka mzigo. Ramzi huzipakia kwenye pikapu, akateremka nazo hadi Kyumbi, akashika njia ya Lukenya mpaka kwenye shimo la machimbo ya mawe lililoachwa, mali ya bwana mmoja aitwaye Kiema. Huko huzimwagia mafuta ya taa na kuwasha kiberiti. Jezi za siku hizi haziungui kama nguo. Zinayeyuka, zinatoa moshi mweusi mzito, na harufu yake inang'ang'ania ndevu hata baada ya kuoga.

Msimu huo Rovers walibadilisha nembo yenyewe. Mwewe aliyekuwa ametanua mabawa akaondolewa, kikabaki kichwa peke yake. Ramzi akajikuta na marobota ya mwewe wa zamani yasiyotakiwa na mtu. Akayapakia kama kawaida. Lakini alipofika Lukenya alimkuta Kiema amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Geuza gari, rafiki yangu."

"Kwani kuna nini?"

"Ng'ombe wa jirani amekufa. Tumempasua tumbo, tukapata nini? Mkono wa jezi. Rangi ya machungwa. Sasa mimi niko na kesi na jirani kwa sababu yako."

Kando ya shimo, vipande vya kitambaa vilining'inia kwenye miiba ya migunga kama maua. Mbuzi mmoja alikuwa anatafuna kola, macho ameyafumba nusu. Ramzi akageuza gari.

Marobota yakaingizwa chumba cha Hanif, mtoto wao wa pekee aliyekuwa chuoni Kisumu. Yakajaa hadi kuziba dirisha. Safiya, mkewe, aliyatazama asiulize kitu. Yeye alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule moja ya upili huko Mitaboni, na siku hizo alikuwa na mzigo wake mwenyewe nyumbani: mashine ya kuchora.

Aliiunda pamoja na wanafunzi wake kwa ajili ya mashindano ya sayansi. Ilikuwa na reli mbili za chuma, mota ndogo zilizotolewa kwenye printa mbovu, na mkono mwembamba ulioshika kalamu. Ukichora kitu kwenye kompyuta, mkono ule hukichora upya, mstari baada ya mstari, bila pupa. Mashindano yalipokwisha shule haikuwa na pa kuiweka, kwa hiyo Safiya akaileta kwenye duka la Ramzi, mbele ya nyumba yao, na kuiweka juu ya meza ya kukunjia nguo.

"Inachora hata kwenye kitambaa," alimwambia mumewe.

"Basi ituchoree wateja," Ramzi akajibu.

Wa kwanza kunufaika nayo alikuwa Kavindu, muuza mboga wa Mitaboni, aliyekuja na jezi kuukuu ya mumewe kwenye mfuko.

"Mzee wangu Nzau amekataa kuacha hii kitu," alisema. "Jina la mdhamini limebanduka, imebaki gundi tu. Anakaa uwanjani kama mtu amemwagikiwa uji. Nipatieni mpya nimbadilishie akienda kuoga."

Ramzi alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye zile mpya. Safiya akaitandaza ile ya zamani mezani.

"Mama, akitoka bafuni atajua. Hebu tuiache iwe yake, tuitengeneze tu."

Akafunga kalamu ya wino wa nguo kwenye mkono wa mashine. Juu ya lile doa la gundi kikaota kichwa cha mwewe, na chini yake mgongo wa vilima vya Iveti, vile vile unavyouona ukiwa jukwaani.

"Aiya!" Kavindu aliziba mdomo. "Na hakuna mtu ameishika!"

Jumapili hiyo Nzau alitazamwa kuliko mchezaji yeyote. Wiki iliyofuata watu wakaanza kumiminika dukani na jezi zao za zamani. Huyu anataka jina la kijiji chake, yule mwaka waliochukua kombe, mwingine jina la binti yake. Zile mpya zikabaki zinaning'inia, hakuna anayeziuliza bei.

Ramzi alivumilia mpaka akashindwa.

"Mama Hanif, unanimwagia unga ndani ya duka langu mwenyewe. Mtu akichorewa ya zamani, mpya nitamuuzia nani?"

"Na zisiponunuliwa utazipeleka wapi, Baba Hanif? Lukenya?"

Ramzi aligeuka kumtazama. Hakuwa amemwambia habari za Lukenya.

"Kiema alinipigia simu," Safiya alisema kwa upole. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Kwa siku kadhaa wakawa wanaongea mambo ya chakula na maji tu.

Kisha Rovers wakacheza na mahasimu wao wa jadi, na kipindi cha pili kilipoanza mvua ikashuka. Ilikuwa ile mvua ya Novemba isiyopiga hodi. Wino ukaachia. Vichwa vya mwewe vikatiririka hadi matumboni, majina ya watoto yakageuka michirizi, viti vya jukwaani vikapakwa weusi. Kesho yake duka lilijaa watu. Wengine walikuwa wanacheka, wengine wamenuna kabisa.

"Mwalimu, huyu si mwewe tena," mmoja alisema akiivuta jezi yake kifuani. "Huyu ni kuku aliyenyeshewa."

Safiya aliwaomba radhi mmoja mmoja. Walipoondoka alichomoa waya wa mashine ukutani, akakaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia vidole vyake vilivyochafuka wino. Ramzi alisimama nyuma ya meza. Moyoni alihisi furaha ndogo, kama ya mtu aliyeambiwa mshindani wake amefunga duka. Halafu akakumbuka mshindani huyo ni nani, na furaha ile ikamgeukia uchungu mdomoni.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Nzau mwenyewe, mwanamume mrefu wa shamba, jezi yake imechirizika wino kuanzia kifuani hadi kwenye pindo. Safiya alinyanyuka.

"Baba, samahani sana. Niachie, nitajaribu kuitoa hiyo rangi."

"Kutoa?" Nzau akarudi nyuma hatua moja, akaufunika wino kwa kiganja. "Hapana, mwalimu. Hii ni mvua ya jana. Walitufunga matatu, watu wakakimbia, mimi nikakaa. Ukiitoa nitaonyesha watu nini?" Akainua mkono. "Mimi nimekuja kwa hii. Imeraruka kwapani. Niliruka vibaya tulipokosa penalti."

Safiya alimtazama mumewe. Duka hili halikuwa limewahi kushona jezi iliyokwisha kuuzwa. Iliyoharibika ilikuwa ni sababu ya kuuza nyingine. Ramzi akatafuta sindano.

"Uliniuzia wewe mwenyewe, hapo langoni," Nzau alisema akiivua. "Ulikuwa bado huna ndevu. Unakumbuka?"

Ramzi alitaka kusema ndiyo kwa adabu. Hakukumbuka. Alikuwa ameuza jezi nyingi mno, na hakuna hata moja aliyoweza kuikumbuka. Alishona polepole, na kadiri alivyoishika ile nguo, iliyolainika kwa kufuliwa na iliyonuka moshi wa kuni na jasho la mtu mmoja, ndivyo alivyoona aibu. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, Nzau akashukuru, akavaa, akaenda zake.

"Mama Hanif," Ramzi alianza, bila kuinua macho. "Wino ule hauwezi kushika mpaka upigwe pasi ya moto. Na jezi hizi ukizipiga pasi ya moto zinayeyuka."

"Nimeshajua sasa."

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza."

Nje, mchoma mahindi alikuwa akipepea jiko lake. Safiya alimgeukia mumewe.

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Unaona watu wanakuja, unaniona nafurahi, ukanyamaza."

Safiya aliingia ndani, na jioni ile alikula peke yake. Asubuhi alipotoka kwenda shule alimkuta mumewe sebuleni, amefungua robota moja, ana mkasi mkononi. Alikuwa amekata shuka la pamba, la mtumba, kipande cha ukubwa wa kiganja.

"Pamba inakubali moto," alisema. "Mashine ichore kwenye kipande hiki, mimi nikipige pasi, halafu nikishone hapa kifuani, juu ya mwewe wa zamani. Wakibadilisha nembo tena, tunafumua uzi. Jezi inabaki ile ile."

"Nani atavaa kiraka, Baba Hanif?"

"Wote wanavaa kiraka tayari. Sisi tulikuwa tunakiita nembo."

Safiya hakucheka, ila aliweka mkoba chini, akakichukua kile kipande akakivuta pande zote kuona kama kitanyooka mezani.

Walianza na wale walionyeshewa, bila malipo. Kisha wakaingia kwenye marobota. Jezi moja moja zikawa zinatoka chumba cha Hanif na kiraka kifuani, na hakuna kiraka kilichofanana na kingine. Kazi ilikuwa ya taratibu. Pale ambapo zamani Ramzi aliuza dazeni nzima, sasa alimaliza chache tu, na mgongo ulimuuma.

Kisilu, katibu wa timu, alifika kabla ya msimu mwingine kuanza. Alikuwa na mchoro wa jezi mpya kwenye simu.

"Mdhamini amebadilika. Uagize mapema safari hii."

"Sitaagiza, bwana Kisilu. Waambie mashabiki walete zile walizonazo."

"Watu wanataka kitu kipya, Ramzi. Wewe ndiwe mfanyabiashara, unajua."

"Najua. Watapata kiraka kipya."

Kisilu hakupendezwa. Nafasi ya langoni akapewa muuzaji mwingine, na siku ya mechi ya kwanza meza yake ilizungukwa na watu hasa. Vijana wengi walinunua kwake. Ramzi na Safiya walikaa mbali kidogo, ng'ambo ya barabara, chini ya turubai, mashine imeunganishwa kwenye betri ya gari. Ramzi aliwatazama wale vijana wakipita na jezi zinazometa, na hakujidanganya kwamba haikumuuma.

Karibu na saa ya mpira kuanza, msichana mmoja akavuka barabara. Alikuwa amevaa moja ya zile mpya, mikunjo ya karatasi ya plastiki bado inaonekana mgongoni.

"Ni kweli mnaandika chochote mtu anataka?"

"Chochote kinachotosha hapa," Safiya alisema, akimwonyesha kipande cha pamba.

Ramzi aligusa ukingo wa mkono wa jezi ya msichana kwa vidole viwili, akapima uzito wa kitambaa, kisha akachukua sindano na kuitia uzi.

"Haya, binti yangu. Tuandike nini?"

Msichana alitazama uwanjani, ambako ngoma zilikuwa zimeanza kulia, akautazama tena ule mkono wa mashine uliotulia juu ya pamba nyeupe.

"Subirini," alisema. "Hebu nifikirie."

Safiya akamsogezea kiti. Hakuna aliyemharakisha.