Msprusi Ulioegemea Jikoni kwa Zamfira

Kwa miaka tisa watu wa kijiji chetu wamekuwa wakiujulia hali mgongo wangu. "Mgongo vipi, Ilarie?" Nami hujibu, bado unaniuma, ndiyo maana siangushi miti tena. Uongo mtupu. Mgongo wangu ni mzima kama wa farasi. Ukweli ni kwamba mti niliouangusha mimi ulimvunja mguu binamu yangu Artemie, akabaki anachechemea, na tangu hapo nikisikia shina linaanza kulia mikono yangu hutetemeka. Artemie mwenyewe namkwepa hata kanisani.

Kwa hiyo jirani yangu Zamfira, mjane wa miaka sitini na sita, alipogonga mlango wangu mwezi wa Februari, jibu nilikuwa nalo tayari. Msprusi, mti wa jamii ya msonobari, alioupanda marehemu mumewe ulikuwa umeliwa na wadudu, umekauka wima, umeegemea upande wa jiko lake. Upepo wa machipuko ungeulaza juu ya paa. Na banda lake la kuni lilikuwa limebaki maganda matupu.

"Dada, mgongo," nikasema.

"Mgongo, mgongo! Huo mgongo ungekuwa ng'ombe ningeshauchinja."

"Si uwaite wale wa mjini, wanaopanda na kamba?"

"Wamesema watakuja Mei. Mpaka Mei nitakuwa nimelala na huo mti kitanda kimoja. Nitaukata mwenyewe. Wewe utashika kamba tu."

Kushika kamba nako kunataka mgongo, lakini ningemwambiaje hivyo mjane anayekwenda kukata mti mwenyewe?

Siku ya pili alipanda ngazi, akaifunga kamba juu kabisa. Kisha akapigilia kigingi kwenye theluji, kati ya kisima na mplamu wake, mahali ambapo upana wake hauzidi hatua sita. Kwetu ndivyo ilivyo: mkata miti huonyesha kwanza, mbele za watu, mti wake utalala wapi. Wanaume wengi hukipigilia mahali papana, kisha hujisifu. Yeye alichagua pale kwa sababu hapakuwa na pengine.

Alikata mdomo, lile pengo la kuuelekeza mti, upande wa kigingi, akazunguka nyuma, akauwasha tena msumeno wa mashine. Mimi nilikuwa mbali, nimeikaza kamba, jasho linanitoka kwenye baridi ile. Msumeno ulipokaribia kumaliza, mti haukwenda mbele. Ulirudi nyuma, ukakaa, ukaubana msumeno. Shina likalia.

"Kimbia, dada! Uache!"

"Funga mdomo, uvute!"

Akaingiza kabari mbili za mti mgumu kwenye mkato, akashika nyundo. Akapiga ya kushoto, akatazama kileleni. Akapiga ya kulia, akatazama tena. Hakuharakisha hata mara moja, na jiko lake lilikuwa nyuma ya kisogo chake. Nimefanya kazi msituni miaka ishirini na wanaume wenye vifua, sijapata kuona moyo wa namna ile. Kamba ilinichana viganja, lakini sikuilegeza, maana ningeilegeza mti ungemfuata yeye. Nilimstaajabia mpaka nikauonea haya uongo wangu.

Kilele kikatikisika. Kikasita. Kisha mti mzima ukaja upande wangu, nikaruka kando, ardhi ikanguruma na theluji ikatufunika wote wawili.

Zamfira akaenda kukitafuta kigingi. Kilikuwa kimesimama, upana wa kiganja kutoka kwenye shina.

"Kiganja kizima!" akatema mate. "Marehemu angenicheka wiki nzima."

Maganda tuliyachoma siku ileile, wadudu wasihamie kwingine. Kuni za msprusi hulipuka na kurusha cheche, wengi hawazipendi ndani. Yeye alizijaza jikoni akasema afadhali, sasa ana wa kuzungumza naye. Zilikuwa kavu kweli, maji yakachemka upesi, akasonga ugali wa mahindi na kuukatia jibini juu. Kisha akanipaka mafuta ya nguruwe viganjani.

Nikashindwa kuvumilia. "Dada, mgongo wangu hauumi."

"Najua. Mwenye mgongo mbovu habebi magunia ya viazi kama wewe."

"Basi unajua pia kwamba naogopa."

"Kijiji kizima kinajua. Kula."

"Sasa uliniaminije na kamba? Ningeiachia, ungekufa!"

Akaifuta mikono yake kwenye aproni, akaketi.

"Nilikwenda kwa Artemie kumuuliza nimtafute nani anishikie kamba. Hata sijamaliza kuuliza, akakutaja wewe."