Zipu ya Neti

Marehemu mama yao alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa mbegu. Ukimtembelea hukuondoka mikono mitupu. Angekukatia nusu nzima ya boga, lile boga lake la ngozi ya kijivu, ndani njano kama kiini cha yai, lakini kabla hajakukabidhi alilikomba kwa kijiko mpaka isibaki hata punje moja. Mbegu alizianika kwenye ungo, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo akalifungia sandukuni. Majirani walimtania kwamba yeye na maboga wana siri. Alicheka nao, na mbegu hakutoa. Ndiyo maana alipoanza kuugua, boga lile halikuwepo popote duniani ila ndani ya kopo.

Alipoona siku zake zinakwisha aliwagawia wanawe wawili wa kiume mbegu hizo nusu kwa nusu. Binti yake, ambaye ndiye mkubwa wao wote na wote wakimwita Dada, alimwachia sanduku. Wa pili alikuwa fundi cherehani, aliyeishi na mama nyumba moja na kumuuguza. Wa mwisho alikuwa mrina asali, mwenye mizinga yake ng'ambo ya kijito, juu ya miti ya mteremkoni.

Mama alikata roho msimu wa kurina. Mrina alikuwa huko porini na moshi wake, na habari ilipomfikia mazishi yalikuwa yamekwisha. Alifika mbio, mikono bado inanata asali. Fundi alimpokea mlangoni, mbele ya waliokuja kuhani, akamwambia, "Rudi kwa nyuki wako. Kwa mama umeshachelewa." Tangu hapo hawakusemezana. Jirani mmoja, mama mwenye mdomo mwepesi, alikuwa hapitishi siku bila kusema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Alimaanisha watapatana tu. Kapu lake linasubiri mpaka leo.

Fundi alipanda mbegu zake zote kwa mpigo, nyuma ya nyumba, pale pale alipokuwa akipanda mama. Kupanda zote ni ujinga, na mama angemzaba kofi, lakini alikuwa na uchungu, na mwenye uchungu haweki akiba. Miche ilipotoa majani mawili, vijidudu vyekundu vikaja vikayatoboa mpaka yakawa kama chekeche. Iliyopona ikatambaa, ikachanua, ikafunga vitunda, na hapo wakaja nzi wembamba wa manjano, wakatia mayai ndani ya vitunda vikiwa bado laini. Kwa nje boga zima, ukilipasua unakuta funza tupu na mbegu zimeoza. Fundi aliyapasua moja baada ya jingine, akimaliza hili anaamini la pili litakuwa zima. Halikuwepo zima.

Wiki ile hakushona nguo ya mtu. Alikaa tu mbele ya cherehani yake kama aliyefiwa upya.

Ndipo Dada alipokuja na kiganja cha mbegu zilizofungwa kwenye kitambaa. "Zilikuwa chini ya sanduku," akasema, akiangalia pembeni. "Ndizo za mwisho, mdogo wangu. Hizi zikiharibika, boga la mama tuhesabu limezikwa naye."

Fundi alizipokea kwa mikono miwili. Akaapa kwamba safari hii mdudu atakayegusa jani la mama bado hajazaliwa. Akaenda duka la pembejeo, akanunua neti nyeupe, ile ya matundu madogo hata mbu hapenyi, na akafanya kazi ambayo ni yeye tu angeweza kuifanya. Wengine hutandaza neti juu ya mboga na kuibana kwa mawe. Yeye aliishona kama suti. Alipima, akakata, akapiga mshono mara mbili, akakunja pindo la chini na kulifukia kwenye udongo pande zote. Upande mmoja akaweka zipu ndefu, kutoka pembe hadi pembe, ya kuingilia yeye. Kila jioni, maua yakiwa yamefumba, aliingia kupalilia, akatoka, akavuta zipu. Watu walikuja kutazama. Jirani mwenye kapu akasema boga hilo limevishwa kuliko bi harusi, na Fundi, ambaye hakuwa amecheka siku nyingi, akacheka.

Na kweli mdudu hakuingia. Majani yalikuwa mapana, hayana hata kovu. Mashina ya maboga yalitambaa mpaka yakasukuma neti. Maua yakafumbuka, makubwa, ya njano, ukiyatazama kupitia kile kitambaa cheupe unasikia raha. Fundi alimwonyesha kila mteja. Alianza hata kuzungumza na mama kimoyomoyo: unaona?

Asubuhi moja Dada akaingia dukani kwake, akakaa juu ya stuli ya wateja.

"Nimetoka kwa mdogo wako," akasema. "Ameona ile neti kutoka ng'ambo. Anasema boga halizai bila nyuki. Maua yakifumbuka asubuhi, fungua zipu, waingie mpaka jua lipande, halafu ufunge."

Fundi hakuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiipunguza. "Nyuki wa nani?"

"Nyuki ni nyuki."

"Nyuki wa nani, Dada? Mteremko mzima ule mizinga ni yake. Nimfungulie, wadudu wake waje wanywe kwangu, wakamjazie ndoo, auze asali ya maua ya mama? Siku mama anamwita, alikuwa kwa hao hao nyuki. Leo ndiyo amekumbuka njia."

"Hebu nisikilize nimalize. Amesema, kama hutaki nyuki wake, basi—"

Fundi akakanyaga pedeli. Cherehani ilikuwa ya zamani, na ikikimbia hata radio ya duka la pili haisikiki. Dada alisema yaliyobaki, midomo ikicheza, na mashine ikayameza yote. Alipoona kwamba mguu hautoki kwenye pedeli, akasimama. Mwanamke wa umri wake kufanyiwa vile na mtoto aliyembeba mgongoni! Akatoka bila kuaga, na akajiapiza kwamba ujumbe huo hataurudia. Kiburi wote watatu walinyonya titi moja.

Baada ya hapo vitunda vikaanza kuonekana, kila kimoja kidogo kama kidole gumba, chini ya ua lake. Fundi akavifurahia. Siku chache tu vikageuka njano, vikasinyaa, vikadondoka. Vikaja vingine, vikadondoka. Akaamini kuna nzi aliyepenya. Akaikagua neti kwa vidole, mshono kwa mshono, akitafuta tundu. Hakuliona, lakini hakuridhika, akapiga mshono wa tatu juu ya miwili. Pindo akaliongezea udongo. Kadiri vitunda vilivyodondoka ndivyo alivyozidi kushona, na nyuki, waliokuwa wakija kila asubuhi kwa harufu ya maua, walitua juu ya neti, wakaitembea kutoka huku mpaka kule, wakarudi zao. Aliwaona. Aliwaona na akasikia utamu moyoni, kwamba walau leo kuna mtu ng'ambo ya pili anakosa kitu.

Majani yalianza kukauka pembeni siku Mrina alipobisha hodi.

Alikuwa amekonda. Mkononi ameshika kopo la maziwa ya unga, lile lile la mama. Hakungoja kukaribishwa, wala Fundi hakumkaribisha.

"Sijaja kwa ugomvi, Kaka," akasema. "Nimekuja kuchukua mbegu. Nusu tu. Nusu nyingine ni jasho lako."

"Mbegu za nani?"

"Hizo ulizopanda. Dada hakukwambia?" Akamtazama, akaelewa. "Nilimwambia asiseme, nilijua ukisikia ni zangu utazikataa. Mimi chumba nimepanga, uwanja wenyewe ni saruji, ningezipanda wapi? Nikasema bora zipandwe pale pale kwa mama. Nilibakiza kopo tu, alilonipa mama na mbegu ndani."

Mrina akampita, akaenda nyuma ya nyumba. Akaitazama ile neti, mishono mitatu, na zipu iliyovutwa mpaka mwisho. Akaivuta, akainama, akaingia. Akanyanyua majani, moja moja, kuanzia mwanzo wa shina mpaka mwisho wake. Fundi alisimama nje akimwona kama kivuli nyuma ya kitambaa. Alitaka kusema kitu kuhusu nzi.

"Hukufungua," Mrina akasema alipotoka.

"Nilijua ni nyuki wako tu wanaotaka maua."

"Na mkono je?"

"Mkono gani?"

"Nilimwambia Dada, kama Kaka hawataki nyuki wangu, basi afanye mwenyewe. Ua dume analichuma, anagusisha unga wake kwenye ua jike, lile lenye kitunda chini yake. Hata kidole kinatosha. Kazi ya asubuhi moja." Alisema polepole, kama anayemweleza mgonjwa. "Nilijua utakataa nyuki. Ndiyo maana nikamwambia na hiyo."

Fundi akatazama vidole vyake. Vilikuwa vidole vyepesi, vinavyopitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitamani mdogo wake amtukane. Mrina hakumtukana. Aliliweka lile kopo juu ya kizingiti, akalisukuma kidogo lisianguke.

"Baki nalo," akasema. "Mimi sina cha kutia."

Akashika njia ya kijitoni. Fundi akaingia ndani akachukua wembe, akaifumua ile neti yote, mshono kwa mshono, mpaka ikalala chini. Kulipokucha nyuki walifika mapema. Yalikuwepo maua machache ya mwisho, wakaingia, wakatoka miguu imejaa unga wa njano, wakaruka kurudi ng'ambo. Fundi alitembea nyuma yao akiinua kila jani, akitafuta ua jike hata moja. Yote yalikuwa madume.