Tundu la Sitini na Mbili

Tangu alfajiri Kokuberwa hakukaa. Alizunguka ukumbi mpya wa kumbukumbu pale kilimani Madale, akapima kizingiti alichokwisha kukipima mara tatu, akagombana na ndoo. Uzinduzi ni kesho, na ramani ya jengo lote ni yake.

Roho ya kazi ilikuwa ukuta wa mashariki. Kila aliyekwenda Vita vya Kagera asirudi, wala maiti yake isionekane, aliachiwa tundu moja kati ya tofali, jua la asubuhi lipenye liwafikie wafiwa wake. Wanakamati, ambao mwiko wanaoujua ni wa kupakulia wali, waliusifu sana. Hawakujua kwamba matundu sitini na moja yalikuwa wazi na moja limezibwa kwa tofali kavu, lililopachikwa tu bila saruji. Hilo lilikuwa la Didas, baba yake Kokuberwa, mgambo aliyeondoka yeye akiwa bado tumboni.

"Sista, saruji inaganda," alisema fundi Marijani. "Tofali hili nilijengee moja kwa moja au nilitoe? Mie nangoja neno lako tu."

Kokuberwa aliligusa tofali. Nyumbani kwao Boko, mama yake, Tekla, hajawahi kufunga komeo la mlango wa mbele hata siku moja. Matanga ya Didas hayajawekwa mpaka leo. Kuliacha tundu wazi ni kumwambia mama afunge mlango, mumewe harudi. Nani ana kifua hicho? Kokuberwa aliogopa, basi.

"Jengea," alisema.

Marijani alikuwa anachota saruji Tekla alipoingia na mkongojo wake, amekuja kuona kazi ya mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliyapitia matundu kwa kidole, bila haraka, hadi kwenye tofali. "La baba yako ni hili?"

"Mama, si bado unamngoja? Ule mlango..."

"Mlango?" Tekla alimkazia macho. "Ulikuwa na miaka minne ukaniuliza, baba akirudi ataingilia wapi. Nikauacha kwa ajili yako. Mimi nilijua zamani, mwanangu. Nilikuwa nangoja wewe uniambie nifunge."

Akalivuta lile tofali kwa mikono miwili, akalitua chini. Jua likaingia. Kisha akavua viatu, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akalia kwa sauti. Kokuberwa akaketi ubavuni pake, naye akalia.

Marijani aliuacha mwiko ndani ya saruji, akaja kuwapa mkono wa pole.