Fundi Makochi Aliyeacha Kukaa

Fundi makochi alikuwa hakai tena. Chakula alikula wima, ameegemea mlango wa jikoni kama mgeni aliyepitia tu. Mke wake alijua sababu, na kujua kwenyewe kulimnyima raha, maana mume hakutaka jambo hilo litajwe.

Tezi dume ilikuwa imeshatolewa, na madaktari walisema uvimbe umeondoka wote. Mpira wa mkojo nao ulipotolewa ndipo mambo yakaharibika. Akikohoa, mkojo. Akicheka, mkojo. Akiinuka kitini, mkojo. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia mapema kwamba kuvuja huwapata wengi, akamfundisha mazoezi ya kukaza misuli ya chini, akamtaka arudi aangaliwe. Hakurudi.

"Nikamweleze nini binti yule? Kwamba baba mzima najikojolea?"

"Si yeye ndiye aliyekwambia utavuja?" mke akamuuliza.

"Basi alishasema. Yameisha."

Mazoezi aliyafanya, tena kwa bidii. Kila asubuhi mke alimsikia chumbani akivuta pumzi, akiibana, akiguna. Akitoka, suruali imelowa zaidi. Mwishowe akaona bora arudi kwenye kazi anayoijua. Akakata sponji, akaizungushia nailoni nene ya kufunikia viti, akajishonea kinga yake mwenyewe, mshono umenyooka kama wa kazi ya mteja. Kisha akaacha kunywa maji.

Hilo mke aligundua kwa glasi. Alimwekea maji karakana, na jioni akaikuta imejaa vilevile, vumbi la mbao likielea juu. Mwanamume aliyetoka kupasuliwa tezi akianza kukwepa maji, mtu asidhani hana kiu.

"Baba Watoto, hunywi?"

"Nimekunywa."

"Umekunywa ukaacha vumbi?"

Akacheka, halafu akanyamaza ghafla na kugeukia ukutani. Mke akajuta kumchekesha.

Siku aliyoanguka walikuwa wakitoa kochi la mteja nje, yeye mbele, binti yao mkubwa nyuma. Magoti yakamwisha nguvu, akakaa chini pale mlangoni. Mwili ulikuwa wa moto, midomo imepasuka kwa ukavu. Mke alipomlegezea suruali apate hewa, harufu ikamjia kwanza, kisha akaiona ile nailoni. Ilikuwa imemla ngozi ya mapaja mpaka nyama nyekundu.

Fundi akajifunika uso kwa kofia. "Mwambie mtoto atoke."

"Ameshakwenda kutafuta gari," mke akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Hospitali walimtundikia maji, wakampa dawa za maambukizi yaliyoingia kwenye mkojo, wakamsafisha vidonda. Homa ilipopungua akaja nesi yule yule. Hakushangaa wala hakugomba.

"Usipokunywa maji mkojo unakuwa mkali, mzee, unachoma kibofu, na vijidudu vinapata pa kukaa. Ungechelewa tungekuwa tunaongea mengine. Hebu nioneshe unavyofanya yale mazoezi."

Fundi akamtazama mke wake. Mke akainuka kutoka nje.

"Kaa," fundi akamwambia.

Akavuta pumzi, akaibana. Mabega yakapanda, tumbo likawa gumu kama ubao. Nesi akaliwekea kiganja.

"Hapo unafanya nini?"

"Najikaza. Hivi ndivyo tunavyobeba makochi."

"Ndiyo shida. Unasukuma chini. Kila ukifanya hivyo unaukamua mkojo mwenyewe."

Mke alikumbuka asubuhi zote zile za kuguna.

"Pumua kawaida," nesi akasema. "Tumbo liache laini, makalio yaache. Vuta kwa ndani kwenda juu, kama umebanwa na ushuzi mbele ya wakwe. Halafu achia."

"Mbele ya wakwe niliwahi kushindwa," fundi akasema.

"Nilikuwepo," mke akasema, na wote watatu wakacheka. Fundi alicheka akiwa ameshika shuka.

Nesi akawaeleza taratibu. Wengi hupata nafuu, ila huchukua miezi. Avae pedi za wakubwa na azibadilishe mara kwa mara, asizibe kwa nailoni. Avute misuli ile kabla ya kukohoa na kabla ya kuinuka. Yakishindikana haya, kuna matibabu mengine, hata upasuaji. "Lakini nitajuaje usiporudi?"

Walirudi nyumbani, na bado alivuja. Mke aliendelea kupeleka glasi karakana na kuitazama kwa wasiwasi kama mtu anayengoja majibu.

Alasiri moja alimkuta amekaa. Alikaa katikati ya kochi ambalo halijavishwa kitambaa, kiganja tumboni, akipumua polepole. Glasi ilikuwa sakafuni, tupu.

"Nimelowa," akasema bila kugeuka.

"Sana?"

"Kidogo."

"Kliniki ni kesho."

"Najua." Akaiokota glasi, akamnyooshea. "Niongezee maji."

Mke akaipokea, akaenda kuijaza mpaka juu.