Wa Kweli au wa Kwetu

Mjomba alikuwa kwenye kikombe cha nne cha maji ya moto, na aliyanywa vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akinywa kahawa. Alipuliza, akanusa, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Mbele yake alikuwa na gazeti la wiki iliyopita. Meza ya pili dobi wetu, ndani ya gauni lake la sherehe, alikuwa akikata mkate mkavu kwa kisu na uma. Meza ya tatu mtunza bustani na mkewe walinong'onezana kama wachumba, jambo ambalo, kwa maelezo ya mke mwenyewe, nyumbani kwao halikuwa limetokea kwa miaka kumi.

Hao ndio waliokuwa wateja wangu. Niliwapanga mwenyewe, kwa zamu, saa tatu mpaka saa sita mchana, ili kila anayepita barabarani aone kwamba kwangu kumejaa. Mnanicheka? Chekeni tu. Mwaka ule hata mimi nilicheka sana, maana kilio kilikuwa kimekaa mlangoni kinangoja zamu yake.

Baba alituachia nyumba ile, mimi na kaka yangu: juu vyumba tisa, chini mgahawa, na ukumbini kona ya kahawa yenye viti virefu ambavyo mjomba, seremala, alivichonga kwa mkono wake. Kaka alikuwa na shughuli zake mjini. Mwenye kuamka na nyumba na kulala nayo nilikuwa mimi. Na niseme bila kujikweza, nilikuwa naijua kazi. Kwa mlio wa ngazi peke yake nilijua ni mgeni wa chumba gani anashuka, na kama kalala vizuri.

Kisha hali ikawa mbaya. Kiwanda cha ng'ambo ya barabara kilipunguza watu nusu, kikapunguza tena. Wachuuzi waliokuwa wakilala kwetu kila wiki walianza kulala kwa jamaa zao. Wateja wangu wa kahawa ya asubuhi, watu niliojua mpaka vijiko vyao vya sukari, wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, macho mbele, shingo imekaza. Sikuwalaumu. Mtu hapendi kusalimiwa na kitu alichokipenda na hakimudu tena.

Jumatatu moja kaka alikuja na bwana mmoja aliyetaka ghala la matairi. Yule bwana aliupima mgahawa kwa hatua, kutoka ukuta hadi ukuta, huku mimi nimeshika kitambaa nafuta meza ambayo hakuna aliyeichafua. Aliikanyaga sakafu yangu kwa kisigino, akasema itabeba. Matairi! Nilihisi kama ananipima mimi.

"Mwisho wa mwezi," kaka aliniambia alipoondoka mgeni wake. "Ukipata wageni wa kukaa, sisemi neno. Usipopata, tunafunga. Mimi si adui yako, dada yangu."

Hakuwa adui. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi nikabuni mchezo wangu. Nilijua tangu utotoni kwamba watu hufuata watu. Mgahawa mtupu humtisha mtu mwenye njaa. Nikajaza meza. Kisha nikaja kwenye ubao wa funguo. Kwetu funguo huning'inia nyuma ya kaunta, hivyo ufunguo ukiwepo, kila mtu anaona kwamba chumba ni kitupu. Nikaziondoa zote tisa, nikazitia ndani ya birika kubwa lililokuwa limepasuka mdomo. Mdogo wangu, mtoto wa mjomba, aliyekuwa akikaa mapokezi, nilimfundisha maneno: "Mtu akiuliza chumba, usimrukie. Sema kwanza, samahani, tumejaa. Fungua daftari, kunja uso, halafu sema, hebu ngoja niangalie. Atakitamani maradufu."

Aliyapenda maneno yale, akawa anayakariri akifagia.

Shida ikabaki jikoni. Mpishi wetu, tuliyemwita Jenerali kwa sababu hata vitunguu alivipa amri, hakujua nani apewe kahawa na nani apewe maji ya moto. Kila mlango ulipolia alitoa kichwa kwenye kidirisha cha jikoni na kuuliza kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Wa kweli au wa kwetu?" Na siku zile jibu lilikuwa moja tu.

Nilimwomba na kaka aje akae meza ya dirishani, angalau saa moja, maana ana suti nzuri na tumbo la mtu anayekula vizuri. Alinitazama kwa huruma. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Mimi nikaigize mteja ndani ya nyumba ya baba yangu? Hapana." Nikamjibu kwamba kizuri kilichofungiwa ndani hakijiuzi, ila moyoni maneno yake yalinichoma.

Siku ya kumi na moja ya mchezo, saa nne na nusu, mlango ulilia. Nilikuwa nyuma ya kidirisha na Jenerali. Aliingia mwanamke mrefu, buti za mpira zimejaa tope mpaka magotini, kofia ngumu kwapani. Alizitazama meza, zote zimejaa. Aliutazama ubao wa funguo. Mjomba, maskini, kwa bidii ya kazi, akageuza ukurasa wa gazeti na kuagiza kikombe kingine.

"Habari za kazi," mwanamke alimwambia mdogo wangu. "Mimi ni mhandisi. Tunajenga daraja jipya kule bondeni. Natafuta vyumba vya watu wangu, kwa muda mrefu."

"Samahani," mdogo wangu alisema, kwa tabasamu nililomfundisha mwenyewe, "tumejaa."

"Naona. Hongereni, katika hali hii!" Na akageuka akatoka.

Mdogo wangu akafungua daftari, akakunja uso. "Hebu ngoja niangalie," akauambia mlango uliofungwa.

Jenerali alishika mwiko hewani. Mimi nilisimama, na nitasema ukweli: nilichofikiria kwanza si nyumba. Nilifikiria aibu. Kumfuata yule mwanamke ni kumwambia kwamba nyumba ya baba yangu ni tupu, na kwamba mimi, ninayejua milio ya ngazi, nakodi vivuli. Niliona afadhali matairi. Nilisimama hivyo, labda kwa muda wa kuhesabu kumi.

Ni mjomba aliyeinuka, gazeti likaanguka. "Mficha uchi hazai, mwanangu! Kimbia!"

Nikakimbia, na aproni, na ndala. Nilimkuta anafungua mlango wa gari.

"Dada, ngoja," nikasema, nikihema. "Vyumba viko wazi. Vyote tisa."

Akanitazama toka kichwani hadi kwenye ndala. "Na wale watu?"

"Mwenye gazeti ni mjomba wangu. Mwenye gauni ni dobi. Wale wanaonong'ona ni mtunza bustani wetu na mkewe, wameoana miaka ishirini. Wanakunywa maji ya moto. Funguo ziko ndani ya birika."

Hakucheka. Ningependa acheke. "Mimi sipendi kudanganywa," alisema.

"Hata mimi sipendi. Ndiyo maana nimekufuata na ndala. Njoo ule kwanza, kisha uamue. Usiporidhika, nakwambia mwenyewe hoteli nyingine iko wapi."

Alifunga mlango wa gari.

Nilipoingia naye, wote walikuwa wameganda kwenye viti vyao, vikombe mkononi, hawajui kama mchezo unaendelea. Nikapiga makofi. "Haya jamani, inukeni. Kila mtu kazini kwake."

Mgahawa mzima ukasimama. Dobi akapandisha mikono ya gauni lake la sherehe akaenda kwenye mashuka yake. Mtunza bustani akamwacha mchumba wake akachukua jembe. Mjomba akapiga magoti chini ya meza ya tatu, kwenye mguu uliokuwa ukiyumba. Mdogo wangu, machozi yanamtoka, akalimimina birika juu ya kaunta na kuanza kuning'iniza funguo, moja baada ya moja, hadi tisa. Haikuchukua hata dakika mbili. Akabaki mhandisi peke yake katikati ya meza tupu, na kila upande mtu anafanya kazi.

Kichwa cha Jenerali kikatokea kidirishani. "Wa kweli au wa kwetu?"

"Wa kweli!" nikapiga kelele, na sauti yangu ikapasuka.

Hapo ndipo alipocheka, yule mhandisi, mpaka akashika meza. Alikula supu ya maharage, akaongeza. Akapanda juu, akakandamiza magodoro kwa ngumi, akafungua mabomba. "Naanza na vyumba vitatu, wiki mbili," alisema. "Nikidanganywa tena, hata kuhusu umri wa yai, naondoka."

Walikaa miaka miwili, vyumba vyote tisa. Matairi yalipata pengine pa kulala. Kaka alitimiza ahadi yake: hakusema neno. Hata akazidisha. Kwa muda mrefu alikuja siku za shughuli za ukoo tu, akasimama mlangoni, akaondoka bila kukaa.

Mjomba ametangulia sasa, Jenerali amestaafu, na nyuma ya kidirisha kuna binti mchapakazi aliyelirithi lile swali pamoja na masufuria. Mwezi uliopita, asubuhi ya shughuli nyingi, mlango ulilia. Akaingia mzee mwenye suti iliyomzidi mwili. Alipepesa macho, akaenda polepole mpaka meza ya dirishani, akavuta kiti. Akakaa.

"Mama," binti aliniuliza, "yule ni wa kweli au wa kwetu?"

Nilimtazama kaka yangu akilainisha kitambaa cha meza kwa viganja vyote viwili, kama alivyokuwa akifanya baba.

"Wa kwetu," nikasema. "Mpelekee kahawa."